Kukagua kwa data kama malaria inatibiwa inavyotakiwa: hatua kwa hatua, kutoka rejesta hadi kikao cha kituo

Kila zahanati na kituo cha afya nchini Tanzania kina mwongozo wa matibabu, uwe mezani kwa tabibu au kabatini kwa mganga mfawidhi. Kina pia rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinazojazwa kutwa nzima, foleni ikiwa mlangoni. Kwa bahati mbaya vitu hivi viwili hukutana kwa nadra. Mwisho wa mwezi rejesta inajumlishwa, namba zinaingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kazi inaonekana imekwisha. Swali la kama mgonjwa wa jana alipata kile ambacho mwongozo unaagiza halijaulizwa, ilhali jibu lake limo katika kitabu hichohicho.

Naeleza hapa namna ya kulitafuta jibu hilo, nikitumia malaria isiyo kali. Nimeichagua kwa sababu kanuni zake ni chache na zinahesabika. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasema kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Tanzania ilianza kutumia ALu (artemether na lumefantrine), ambayo wengi wetu tunaiita mseto, kama dawa ya kwanza mwaka 2006. Kanuni ziko wazi, lakini kuzifuata ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopimwa na kukutwa hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria hata hivyo. Mengi yamebadilika tangu hapo. Kama yamebadilika kituoni kwako, rejesta zako ndizo zitakazosema.

Vifaa ni rejesta, kompyuta yenye Excel, na mtu mmoja wa kukusomea namba wakati unaingiza.

1. Geuza mwongozo uwe sentensi zinazohesabika

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka. Ukikosea hapa, fomula zote zitakazofuata zitakupa jibu safi la swali lisilo sahihi.

Mwongozo umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetibu, kwa hiyo una maneno kama "matibabu sahihi" na "inapobidi". Huwezi kuyahesabu. Chukua ukurasa wa malaria isiyo kali, usome na tabibu mzoefu, kisha muandike sentensi ambazo mtu yeyote akizishika na kufungua rejesta anaweza kujibu ndiyo au hapana:

- Mgonjwa aliyekuja na homa, au aliyesema alikuwa na homa, alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka au kwa hadubini.
- Aliyekutwa na malaria isiyo kali alipewa mseto.
- Aliyekutwa hana malaria hakupewa dawa yoyote ya malaria.
- Aliyepewa mseto alipewa idadi ya vidonge inayolingana na uzito wake.

Sentensi nne zinatosha. Nimeona watu wakianza na ishirini, wakachoka mwezi wa kwanza.

Chini ya kila sentensi andika mambo matatu: nani anastahili kuhesabiwa (asili, yaani namba ya chini ya sehemu yako), nani kati yao alipata kilichoagizwa (kiasi, namba ya juu), na nani aondolewe kabisa. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Mgonjwa mwenye malaria kali aliyepewa rufaa au kuchomwa artesuneti ana kanuni zake, hivyo hakuhusu hapa. Aliyekuja na cheti cha kipimo kutoka kituo kingine naye mtolee uamuzi mapema. Vivyo hivyo aliyerudi wiki mbili baada ya kumaliza dozi: vipimo vingi vya haraka hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo jibu la pili la "ana malaria" halina uzito sawa na la kwanza. Amua mapema utawaweka wapi watu wa namna hiyo, uandike, na usibadilishe baada ya kuona majibu.

Angalia pia toleo la mwongozo na tarehe yake. Mgonjwa wa mwaka 2021 hapimwi kwa kanuni ya mwaka 2024. Mfano mzuri ni mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza. Hadi Novemba 2022 pendekezo la Shirika la Afya Duniani kwake lilikuwa kwinini pamoja na klindamisini; baada ya hapo likawa ALu. Nchi nayo huingiza mabadiliko ya namna hii katika mwongozo wake kwa wakati wake. Ukikagua rejesta za miaka ya nyuma kwa macho ya leo, utamhukumu muuguzi kwa kutokujua jambo ambalo lilikuwa bado halijaandikwa.

2. Omba ruhusa, acha majina

Mweleze mganga mfawidhi unachotaka kufanya, na kama unatoka nje ya kituo pata barua ya Mganga Mkuu wa Halmashauri. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Katika jedwali lako weka namba ya mfululizo ya rejesta badala ya jina, umri badala ya tarehe ya kuzaliwa, na usiweke namba ya simu wala kitongoji. Jina la tabibu nalo liache. Utaona kwenye kikao kwa nini.

3. Chagua wagonjwa wa kukagua

Zahanati ndogo inaweza kukagua wagonjwa wote wa homa wa mwezi mzima. Kituo chenye wagonjwa wengi kichukue sampuli. Ukichukua wagonjwa 96 kwa njia ya haki, asilimia utakayopata itakuwa ndani ya pointi 10 juu au chini ya ukweli, kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa kazi ya kuboresha huduma hiyo inatosha kabisa.

Njia ya haki ni kuruka kwa hatua sawa. Kama rejesta ya robo mwaka ina wagonjwa wa homa 960, chukua mmoja katika kila kumi: chagua kwa bahati namba kati ya 1 na 10, anza hapo, kisha ongeza kumi kumi. Usichukue wiki moja iliyoandikwa vizuri kwa sababu inasomeka. Wiki inayosomeka ndiyo wiki ambayo wagonjwa walikuwa wachache na vifaa vilikuwepo.

Kuna tahadhari moja. Asilimia ya waliopimwa inatoka kwa wagonjwa wote 96, lakini asilimia ya waliokutwa na malaria wakapewa mseto inatoka kwa wale waliokutwa nayo tu, na huenda wakawa 15. Kwa watu 15, mmoja akikosa dawa asilimia inashuka kwa karibu pointi 7. Ukifika hapo andika "13 kati ya 15" na uachane na asilimia.

4. Ingiza data, na mheshimu asiyeandikwa

Kwa kituo cha karatasi, chanzo cha kwanza ni rejesta ya wagonjwa wa nje, kitabu namba 5 cha MTUHA. Usiishie hapo. Weka pembeni rejesta ya maabara na rejesta ya kutolea dawa, kwa sababu kila moja inajua kitu ambacho nyingine haijui. Tabibu anaandika alichoagiza, maabara inaandika ilichokiona, dirisha la dawa linaandika kilichotoka. Kama kituo kinatumia mfumo wa kielektroniki kama GoTHOMIS, omba data zitolewe kwenye jedwali, kisha linganisha mistari michache na kilichomo kwenye leja ya dawa.

Safu unazohitaji ni hizi: namba, tarehe, umri, uzito, homa, kipimo, jibu, dawa ya malaria, vidonge vilivyotoka, antibayotiki. Mstari mmoja, hudhurio moja.

Weka orodha ya kuchagua kwenye kila safu ya maneno, ili asiwepo anayeandika "POS", mwingine "+", mwingine "P". Excel haibagui herufi kubwa na ndogo katika kuhesabu, lakini "POS" yenye nafasi tupu mwishoni kwake ni neno jingine, na mgonjwa huyo atapotea kimyakimya. Tarehe nazo ziangalie: zikijipanga upande wa kushoto wa kisanduku bila wewe kuzipanga, Excel imezichukua kama maneno, na huwezi kuzigawa kwa miezi.

Halafu kanuni ambayo sikubali ivunjwe: kila safu ya maneno iwe na NDIYO, HAPANA (au maneno ya safu hiyo, kama POS kwa aliye na malaria na NEG kwa asiye nayo), na HAIJAANDIKWA. Mtu aliyepimwa lakini jibu halikuandikwa hayuko kundi moja na mtu asiyepimwa. Rejesta inatuonyesha uandishi, na huduma tunaikisia kutokana na uandishi huo. Ukimwingiza asiyeandikwa katika HAPANA unamshtaki tabibu kwa kosa la kalamu. Ukimfuta, unaficha tatizo ambalo huenda ndilo kubwa kuliko yote. Asiyeandikwa apewe hesabu yake.

Mwisho wa kuingiza, mwombe mtu mwingine aingize upya mistari 20 bila kuona yako. Mkitofautiana kwenye mistari mingi, tatizo liko kwenye sentensi za hatua ya kwanza. Rudini huko.

5. Hesabu, kila sentensi na asili yake

Tuchukue hesabu ya mfano, ya kufundishia tu. Zahanati moja, mwezi mmoja, wagonjwa wa homa 120. Waliopimwa ni 96. Kati yao 30 wana malaria na 28 wamepewa mseto. Wengine 66 hawana malaria, lakini 9 wamepewa mseto. Wale 24 ambao hawakupimwa, 15 wamepewa mseto.

Kwa Excel, waliokutwa na malaria wakapewa mseto wanapatikana kwa =COUNTIFS(G:G,"POS",H:H,"MSETO"), ambapo G ni safu ya jibu na H ni safu ya dawa. Badilisha maneno, unapata makundi mengine yote.

Sasa angalia. Waliopimwa: 96 kati ya 120, asilimia 80. Waliokutwa nayo wakatibiwa: 28 kati ya 30, asilimia 93. Lakini mseto uliotoka dirishani mwezi huo ni dozi 28 + 9 + 15, yaani 52, na zilizokwenda kwa mtu aliyethibitishwa ni 28 tu. Hiyo ni asilimia 54.

Zahanati hiyohiyo, mwezi huohuo, ina asilimia 93 au asilimia 54, na zote mbili ni kweli. Ya kwanza inajibu kama mwenye malaria anapata dawa. Ya pili inajibu kama dawa inakwenda kwa mwenye malaria. Anayepeleka wilayani ile ya kwanza peke yake hajadanganya, ila amejibu nusu. Ndiyo maana kila asilimia unayoiandika iambatane na sehemu yake: 28/30, 28/52. Msomaji aone mwenyewe nani kahesabiwa.

6. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, fungua leja ya stoo

Wale 24 hawakupimwa. Kwa nini? Panga jedwali kwa tarehe uwatazame. Katika mfano wetu, 20 kati yao wamekuja ndani ya siku nne zinazofuatana. Sasa chukua leja ya vifaa: siku hizohizo salio la vipimo vya haraka ni sifuri, na zahanati haina hadubini. Hakuna tabibu duniani ambaye angewapima. Tena mwongozo wenyewe unakubali kutibu kwa dalili pale ambapo kupima hakuwezekani.

Ongeza basi safu moja kwenye jedwali: "kipimo kilikuwepo siku hiyo?" Kisha hesabu upya kwa siku ambazo kilikuwepo tu. Wagonjwa wa homa wanabaki 100, waliopimwa 96, asilimia 96. Katika dozi 15 za wasiopimwa, tuseme 13 zilitoka siku zile nne. Ukiziondoa, zinabaki dozi 39, na 28 kati yake ni za waliothibitishwa, asilimia 72.

Toa namba zote mbili, ya kabla na ya baada. Ya kwanza ndiyo aliyokutana nayo mgonjwa, kwake haijalishi kosa ni la nani. Ya pili inaonyesha watumishi walifanya nini walipokuwa na vifaa. Na tazama jinsi tatizo lilivyogawanyika: wagonjwa 20 ni suala la kuagiza mapema Bohari ya Dawa na kuazima kituo jirani, huku wale 9 waliokutwa hawana malaria wakapewa mseto wakiwa suala la chumba cha tabibu. Semina ya matabibu haitajaza stoo, na boksi la vipimo halitabadilisha mazoea ya kuandika dawa.

Wale 9 wasome mmoja mmoja. Ni wachache, utamaliza kabla ya chai. Fungua rejesta ya maabara: huenda yumo aliyepimwa tena kwa hadubini na kukutwa na vimelea, ila jibu la pili halikurudi kwenye kitabu namba 5. Tazama umri, saa, siku ya wiki. Uliza boksi la vipimo lilikaa wapi, maana vipimo vina kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye boksi, na chumba chenye bati lisilo na dari kinaweza kukipita. Tabibu aliyewahi kuona kipimo kikimwangusha ana sababu ya kutokiamini, na sababu hiyo inahitaji kusikilizwa.

Ukiwa hapo, tazama safu ya antibayotiki kwa wale 66. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi kadhaa za Afrika na Afghanistan, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa vipimo vya haraka vilipoingia, mara nyingi dawa za malaria zilipungua lakini antibayotiki kwa waliokutwa hawana malaria zikaongezeka. Kituo kinaweza kufaulu kwenye sentensi zako zote nne huku kila mtoto mwenye mafua akiondoka na amoksilini.

7. Dozi na uzito

Hii ni hatua fupi, lakini ina manufaa ya moja kwa moja kwa mtoto. Kwa vidonge vya mseto vya kawaida (20/120), dozi ya siku tatu ni vidonge 6 kwa kilo 5 hadi chini ya 15, vidonge 12 kwa kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 18 kwa kilo 25 hadi chini ya 35, na 24 kuanzia kilo 35. Uzito ukiwa safu D, andika:

=IF(D2="","HAIJAANDIKWA",IF(D2<5,"TAZAMA",IF(D2<15,6,IF(D2<25,12,IF(D2<35,18,24)))))

Sehemu ya kwanza ya fomula usiiache. Excel huchukulia kisanduku kitupu kuwa sifuri, na mtu mzima asiyepimwa uzito angeingia kundi la wachanga. Wa chini ya kilo 5 hatuwapi jibu la fomula, tunampa tabibu awasome.

Linganisha safu hii na vidonge vilivyotoka. Makosa mengi utayakuta mpakani: mtoto wa kilo 14 aliyepewa vidonge 12, au wa kilo 16 aliyepewa 6. Huyu wa pili ndiye wa kukunyima usingizi, kwa kuwa dozi pungufu inaweza kuacha vimelea. Na ukikuta safu ya uzito tupu kwa nusu ya watoto, acha kuhesabu dozi, nenda kaangalie kama mzani upo na unafanya kazi.

8. Chora miezi, usiamini mwezi mmoja

Mwezi mmoja unaweza kuwa bahati au balaa. Weka miezi kwenye mstari wa chini, asilimia kwenye mstari wa kusimama, na uchore mstari wa namba ya katikati ya miezi yote. Pointi sita au zaidi mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari huo, kuna kitu kimebadilika kweli. Pointi ikipanda na kushuka tu, usimpongeze mtu wala usimkaripie.

Andika juu ya grafu matukio yanayojulikana: vipimo vimeisha, tabibu mpya amefika, masika yameanza. Na ukiona asilimia 100 mwezi baada ya mwezi bila kupungua hata moja, rudi kwenye rejesta ulinganishe na maabara. Mara nyingi utakuta jibu la kipimo lilijazwa baada ya dawa kuchaguliwa.

9. Rudisha majibu kwa wenyewe

Tathmini ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, iliyokusanya tafiti 140, ilikuta kuwa kukagua na kurudisha majibu kwa watoa huduma kunaongeza kufuata kanuni kwa takriban pointi 4 katika hali ya kawaida. Ni kidogo, ila kuna mazingira yanayoongeza manufaa: pale hali ilipokuwa mbaya mwanzoni, majibu yanapotolewa na msimamizi au mwenzao wa kazi, yanapotolewa zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, na yanapoambatana na lengo na mpango wa kazi.

Kwa hiyo kikao cha kituo kiwe kifupi na karatasi iwe moja: sentensi nne, sehemu zake, grafu moja. Hakuna majina. Ukiweka jina la tabibu kwenye namba, mwezi unaofuata rejesta itakuwa safi na matibabu yatakuwa yaleyale. Anza kwa kuuliza kuhusu zile siku nne zisizo na vipimo: "Tarehe 11 hadi 14 ilikuwaje?" Muuguzi aliyekuwa zamu atakueleza mambo ambayo safu zako hazikuyabeba, mengine yatakulazimu ufanye hesabu upya, na ni sawa.

Mchague jambo moja la kubadilisha. Kwa zahanati ya mfano wetu ningeanza na stoo: mtu mmoja ahesabu vipimo kila Ijumaa, na salio likifika matumizi ya wiki mbili aagize au aazime. Lile la wale 9 lije baada ya miezi mitatu, likiwa na grafu yake. Mkiyashika yote kwa pamoja hamtajua lipi lilileta mabadiliko.

Jedwali likishazoeleka, hamia kwa watoto wanaoharisha. Sentensi ya kuanzia ni hii: kila mtoto wa chini ya miaka mitano aliyekuja na kuhara aliondoka na ORS pamoja na zinki ya siku 10 hadi 14, kwa dozi ya umri wake iliyomo katika mwongozo wako. Andika asili, kiasi, na wa kuondolewa. Kisha, kabla ya kufungua kitabu namba 5, tazama leja uone zinki ilikuwepo siku zipi.